Wiki Moja Kando ya Mto Unaorudi Nyuma

Sisi tuliozaliwa karibu na maziwa makuu tumezoea mito isiyobadili njia. Nile ikishatoka ziwani pale Jinja haigeuki tena, na Kagera huingia ziwani usiku na mchana pasipo kusitasita. Kwa hiyo msomaji asinicheke nikisema kwamba asubuhi ya kwanza nilipoamka kando ya mto Pangani, nikaona kifuu cha nazi kikielea kuelekea bara, yaani kikipanda kule mto unakotoka, nilimwita mume wangu kwa sauti ya mtu aliyeona nyumba inawaka.

Aibu yangu ilizidi kwa sababu mimi nilipata kuwa mwalimu. Kabla ya kuhamishiwa ofisini nilifundisha shule ya msingi, na kila mwaka nilichora ubaoni dunia, mwezi na mishale miwili, nikawaambia watoto kwamba bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku kwa kuvutwa na mwezi. Waliandika, wakafaulu. Wala mimi wala wao hatukuwa tumewahi kuona jambo lenyewe. Na hakuna chuo kilichoniambia kwamba bahari ikijaa huingia mtoni, ikausukuma mto urudi nyuma kilomita nyingi, kisha ikauachia tena.

Tulifika huko mwishoni mwa Agosti 2024, watoto walipofunga muhula wa pili. Sababu ya safari naieleza, kwa kuwa najua nyumba nyingi zinazopokea gazeti hili zina sababu kama hiyo, hata kama hazisemi. Mume wangu ni askari. Alikuwa amerudi kutoka Somalia, katika kikosi cha Umoja wa Afrika ambamo majeshi yetu yamekuwemo tangu Machi 2007, na alikuwa nyumbani kwa miezi tisa. Mshahara ulikuwa umeingia, nyumba tuliyoianza ilikuwa imefika kwenye lenta, na jirani zangu kambini walinipongeza. Lakini usiku alikaa macho kwenye kiti karibu na mlango. Mchana alijibu maswali kama mtu anayejibu redio ya upepo, kwa maneno machache na kwa usahihi. Kijana wetu mdogo alikuwa na miaka mitatu baba alipoondoka, na aliporudi alikuwa na minne. Kwa miezi yote tisa mtoto huyo alimwita baba yake “afande”, kwa kuwa ndivyo alivyosikia watu wakimwita. Wageni walicheka. Baba yake naye alicheka mara ya kwanza.

Mwenzangu wa ofisini aliyepata kufanya kazi Tanga, upande wa bomba la mafuta linalotoka kwetu Hoima kwenda Chongoleani, ndiye aliyenitajia nyumba za Pangani. Alisema ziko nyumba ndogo ndogo za kupangisha kwa siku au kwa wiki, zenye jiko na vyombo, ambamo mgeni hujipikia mwenyewe. Nilikuwa nikidhani mapumziko ya pwani ni jambo la Wazungu na watu wenye vyeo, wanaoketi wakiletewa sahani. Tulipopiga hesabu tukaona kwamba bei ya chumba cha hoteli kwa siku mbili ilitosha kutupatia nyumba nzima ya vyumba viwili kwa wiki. Watoto wetu ni watatu. Mtu mwenye watoto watatu akila hotelini kwa wiki nzima, atarudi kambini kukopa.

Lakini sababu yangu kubwa haikuwa fedha. Hotelini mtu wangu angekaa amegeuzia ukuta mgongo, akihesabu kila anayeingia. Nilitaka mahali penye mlango wetu wenyewe, na kazi za mikono.

Sitawachosha kwa habari za njiani. Tulichukua pasipoti, vyeti vya chanjo ya homa ya manjano, na barua ya ruhusa ya mume wangu, tukapita Nairobi na Mombasa, tukavuka mpaka wa Horohoro, tukafika Tanga tukiwa tumevimba miguu. Kutoka Tanga hadi mji wa Pangani ni kama kilomita 50 kuelekea kusini. Mji uko ukingo wa kaskazini wa mto, mahali unapoingia Bahari ya Hindi. Ng'ambo ya kusini ni Bweni, kwenye kilima. Tulivuka kwa kivuko pamoja na pikipiki, magunia ya mkaa, na mbuzi mmoja aliyegoma kupanda. Nguzo za daraja jipya zilikuwa zikiinuka majini. Daraja hilo limo katika barabara ya Bagamoyo, Saadani, Pangani hadi Tanga, na urefu wake ulipangwa kuwa mita 525. Mume wangu alizitazama nguzo zile kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi tangu Kampala.

Nyumba yetu ilikuwa ya kuta nyeupe na paa la makuti, hatua thelathini hivi kutoka ukingoni. Vyumba viwili vyenye vyandarua, baraza pana, na jiko nyuma. Aliyetupangisha alituhakikishia kwa simu kwamba “kila kitu kipo”. Nilipofungua kabati nilikuta sufuria tatu na kifuniko kimoja, visu viwili butu, sahani nane za aina sita, na glasi nyingi ajabu, kama kwamba wageni wa huko hunywa tu. Mwiko hapakuwa. Mbuzi ya kukunia nazi hapakuwa, na hapo ni Pangani, ambapo minazi ni mingi kuliko nyumba! Jiko la gesi lilikuwepo, mtungi ulikuwa mtupu. Mke wa mzee mwangalizi wa nyumba alikuja na mbuzi yake, mwiko, kifumbu cha kuchujia tui, na jiko la mkaa, akaviweka barazani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasema, “Mwanangu, mwenye nyumba yule ni mtu wa mjini. Yeye hapiki.” Tangu saa hiyo tulielewana.

Mzee mwenyewe alikuwa mvuvi aliyestaafu, mwenye magoti mabovu na macho makali. Ndiye aliyenifundisha lile ambalo nilikuwa nikilifundisha. Maji hujaa, hupwa, hujaa tena, na kutoka kujaa hadi kujaa kwingine ni saa kumi na mbili na dakika kama 25. Ndiyo maana kila siku maji huchelewa kwa muda unaokaribia saa moja, na mtu hawezi kusema “maji hujaa saa kumi” akatulia. Kesho atakosea, na baada ya wiki atakuwa amekosea kabisa. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana; hilo ndilo bamvua, na katika pwani ya Tanga tofauti ya juu na chini hupita mita 3, yaani kimo cha ukuta wa nyumba. Mwezi ukiwa nusu, maji huwa mafu, husogea kidogo tu. Tulifika siku chache kabla ya mwezi kuandama. Tulikuwa tukiingia bamvuani bila kujua.

Mwenye kupika kando ya mto wa namna hiyo hupika kwa maji. Samaki huja sokoni kwa majira ya maji, si kwa majira ya saa yako ya mkononi. Chombo kilichotoka kikikuta maji yamepwa hungoja nje ya mlango wa mto. Siku ya pili nilivuka mapema kama mtu wa soko la Nakawa, nikakuta mabenchi matupu na paka. Niliporudi alasiri palikuwa na changu, kibua, taa, pweza, na kamba waliokuwa bado wakiruka. Bei hushuka jua linapoinama, kwa sababu barafu ni ghali. Basi mama anayetaka kubana matumizi asiende wa kwanza, wala asiende wa mwisho.

Kufua nako kuna wakati wake. Maji yakijaa, mto huwa wa chumvi na sabuni haitoi povu. Yakipwa, maji ya bara hushuka na mto hupungua chumvi, ingawa hayawi matamu kwa kunywa. Maji ya kunywa tulinunua kwa madumu.

Mume wangu alipewa kazi ya nazi. Siku ya kwanza alikaa juu ya ile mbuzi kama mtu aliyepanda mnyama asiyemwamini, akajikuna kidole, akatukana kwa lugha ya kambini. Siku ya tatu alikuwa akikuna nazi mbili kabla sijawasha moto. Nilipika samaki wa kupaka kwa maelekezo ya bibi yule: samaki achomwe kwanza kwa makaa hadi akauke ngozi, kisha tui zito la kwanza lichemshwe kwa moto mdogo na ukwaju, kitunguu saumu, pilipili na bizari, likorogwe pasipo kuachwa, kwa kuwa tui likichemka peke yake hukatika. Halafu hupakwa juu ya samaki akiwa bado juu ya makaa, upande huu na upande ule, mara tatu au nne. Tui la pili, jepesi, ndilo la kupikia wali. Watoto wangu, ambao nyumbani hubishana na samaki kwa ajili ya miiba, walilamba vidole.

Mchana wa maji mafupi tulitembea mjini. Pangani ni mji mkongwe, wa nyumba za mawe zenye milango ya kuchonga, na nyingi zinabomoka. Askari anayesoma makala haya apajue mahali hapo. Mwaka 1888, wakala wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki alipoingia Pangani na kujifanya mtawala, watu wa mji huo na wa bara walikataa, na mapigano yakaenea pwani yote. Aliyewaongoza alikuwa Abushiri bin Salim al-Harthi. Upande wa Saadani alisimama Bwana Heri. Serikali ya Ujerumani ilimtuma Hermann von Wissmann, na jeshi alilolileta halikuwa la Wajerumani ila maofisa wake. Askari wa kawaida walikuwa Wasudani walioandikishwa Misri, na wengine walioletwa kutoka Msumbiji. Pangani ilitwaliwa tena Julai 1889. Abushiri alikamatwa, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Nilimsomea mume wangu habari hizo kutoka kwenye daftari langu tukiwa tumekaa kivulini mbele ya boma. Akauliza jambo moja tu: wale Wasudani walirudi kwao? Sikuwa na jibu. Akasema, “Mtu hupelekwa mbali kupigana na watu wasiomjua.” Hayo yalikuwa maneno marefu kuliko yote aliyoyasema kwa wiki mbili, nami nikanyamaza nisije nikayakatiza.

Kusini kidogo mwa mto ni Kikogwe, ambako mkonge wa kwanza wa nchi ile ulipandwa. Mwaka 1893 Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, Marekani, vikafika 62 tu vikiwa hai. Kutokana na hivyo 62 yalitokea mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuongoza duniani kwa mkonge, hata kamba za nailoni zilipokuja kuuangusha. Ukipita njia ya Tanga bado unaiona mistari ya mkonge hadi macho yachoke.

Mto wenyewe una matatizo yake. Unatoka Kilimanjaro na Meru, hupita bwawa la Nyumba ya Mungu, hunywesha mashamba ya mpunga na miwa, huzungusha mitambo ya umeme pale Hale na chini yake, na kufika baharini baada ya safari ya kilomita 500 hivi. Kila anayechota huko juu huupunguza nguvu. Mto dhaifu hauwezi kuisukuma bahari itoke, kwa hiyo chumvi hupanda mbali zaidi kuliko zamani. Mzee alinionyesha minazi iliyokauka vichwa kando ya ukingo, na kisima ambacho mama yake alikuwa akikichota maji ya kunywa. Nilionja. Kilikuwa kama machozi. Mkulima wa Arusha akifungulia mfereji wake hana habari ya mnazi wa Bweni, wala sidhani kama mimi ningekuwa nayo.

Hata kisiwa cha Maziwe, kinachoonekana kutoka kilimani maji yakiwa yamepwa, kilikuwa na miti hadi miaka ya 1970. Kilitengwa kuwa hifadhi, lakini miti ilikwisha, na leo ni fungu la mchanga linalozama bamvua linapojaa. Kasa bado huenda kutaga pale, na mayai huhamishiwa Ushongo, bara, yasizame.

Sasa nieleze usiku wa Jumatano, tarehe 4 Septemba.

Mwezi ulikuwa umeandama jana yake. Maji yalijaa jioni hadi yakagusa mizizi ya mwembe wa mbele ya nyumba. Mjukuu wa mzee, kijana wa miaka kumi na sita hivi, alikuwa akienda na mtumbwi kutupa kimia katika kijito kinachoingia mikokoni, na akamwuliza mume wangu kama angependa kwenda. Kijana wetu mdogo akasema naye anakwenda. Nilitaka kukataa. Lakini ilikuwa mara ya kwanza mtoto yule kutaka kwenda mahali na baba yake bila mimi, nami nikafunga mdomo, nikamvika fulana nzito. Mzee aliwaambia wazi, “Warudi kabla ya magharibi. Maji haya yakitoka, hutoka mbio.” Walipiga makasia kuelekea juu saa kumi na moja jioni. Kijana alikaa katikati, amelishika dumu la kutolea maji kama cheo.

Magharibi iliingia. Adhana ilisikika kutoka mjini ng'ambo ya maji, mara moja, kisha ya pili na ya tatu kutoka misikiti mingine. Hawakurudi. Mto ulikuwa ukishuka kama unaokimbia kitu. Fito za ukingoni ambazo alasiri hazikuonekana zilisimama nje, nyeusi, zimevaa tope. Saa mbili usiku nilipiga simu ya mume wangu, ikalia mezani ndani ya nyumba.

Nilimwendea mzee nikiwa nimesahau adabu zote. Alikuwa akila. Alisema, “Mwanangu, hawakupotea. Wamekaa juu ya tope. Kijito kimekauka nyuma yao. Watatoka maji yatakapowatoa.” Nikauliza ni saa ngapi. Akahesabu kwa vidole: maji yatapwa kabisa karibu saa tano, halafu yarudi, kijito kile kina kizingiti mdomoni, kwa hiyo si kabla ya saa nane. Nikauliza kama hatuwezi kwenda kwa miguu. Akasema tope la mikokoni humeza mtu hadi kiunoni, na gizani hata yeye alipokuwa kijana hakuthubutu. Nikauliza kuhusu mamba. Alinyamaza kidogo kuliko nilivyopenda, akasema mamba na viboko wako, lakini wako juu zaidi, kwenye maji matamu, na mtumbwi uliokaa juu ya tope kavu haufuatwi na mtu.

Sikumwambia hofu yangu ya pili. Nilimjua mume wangu wa usiku. Nilijua jinsi alivyoshtuka mlango ulipogonga, na jinsi mkono wake ulivyotafuta kitu kisichokuwepo. Na sasa alikuwa gizani, pasipo mwezi, amezungukwa na miti inayolia, kwa sababu kaa na kamba-bastola wa matopeni hupiga kelele kama kuni zinazopasuka. Na mtoto wangu alikuwa naye. Mke wa askari hapaswi kuandika maneno haya gazetini, labda, lakini nimeyaandika kwa ajili ya yule ambaye amepata kuyafikiri akiwa peke yake.

Bibi alikuja kukaa nami barazani. Hakunifariji kwa maneno. Alileta ukili wake akaendelea kusuka, na kila baada ya muda alimulika tochi chini kwenye fito, akasema, “Bado yanatoka.” Baada ya saa tano alimulika akasema, “Yamesimama.” Kisha, baada ya muda ambao sikuupima, “Yanarudi.” Nikaona mwenyewe: povu jembamba likipanda juu polepole, likielekea bara. Sijapata kufurahia mto kurudi nyuma kama usiku ule.

Walitokea saa nane na robo. Nilisikia kasia kwanza. Mume wangu alikuwa amevua shati amemfunika mtoto, na mtoto amelala kifuani pake, mdomo wazi, matope hadi masikioni. Yule kijana mvuvi alianza kuomba radhi tangu mtumbwi ungali majini. Mume wangu akamwambia, “Hukukosea. Mimi ndiye niliyesema tutupe kimia mara moja zaidi.” Walikuwa na kamba, nusu ndoo. Mzee alizungumza na mjukuu wake kwa Kizigua, kwa sauti ya chini, na sikuhitaji kufasiriwa.

Asubuhi mtoto alitueleza mambo yote tukiwa jikoni. Walikaa juu ya tope, mtumbwi umeinama upande. Aliogopa, akalia. Baba alimwambia ni zamu ya lindo, akampa kazi ya kusikiliza, na kila sauti aitaje: huyu kaa, huyu ndege, hii ni samaki. Kisha akamweleza habari za Mogadishu. Kwamba kambi yao ilikuwa karibu na bahari hii hii, na kwamba usiku naye alikuwa akikaa akisikiliza vivyo hivyo, na kwamba kulikuwa na rafiki yake ambaye walisikiliza pamoja. “Yule rafiki alikufa,” mtoto akasema, akaomba chai zaidi.

Mimi nilikuwa nikimenya kamba. Rafiki huyo sikuwa nimewahi kumsikia. Nilitazama mlangoni, mume wangu alikuwa nje anakuna nazi, mgongo kwetu, na nadhani alisikia. Sitaficha kwamba kwa kitambo niliona wivu, kumwonea wivu mtoto wa miaka minne aliyeambiwa gizani jambo ambalo mimi niliningojea miezi tisa na kila usiku taa ikiwa inawaka. Halafu nikakumbuka kuwa ndivyo tulivyofanya siku zote: mimi nikiwasha taa, namwuliza. Jioni ile sikuuliza. Tulikaa barazani taa imezimwa, maji yakijaa, naye akaanza mwenyewe, kutoka mwanzo. Yaliyosemwa ni yake.

Usingizi haukurudi wote, wala si kwamba tulileta mtu mpya nyumbani. Kiti kile cha karibu na mlango bado kipo, na usiku mwingine hukikalia.

Kwa wale watakaotaka kujaribu nyumba za namna hii, pwani hiyo au nyingine: ulizeni kabla ya kulipa kama gesi imo mtungini, na kama kuna mbuzi, mwiko na kisu kinachokata. Chukueni kisu chenu hata mkiambiwa kipo. Chukueni unga, sukari na dawa za watoto kutoka Tanga mjini, maana maduka ya Bweni ni madogo. Vyandarua vikaguliwe mchana. Ulizeni bamvua ni lini; wiki ya maji mafu watoto wanaweza kucheza ukingoni kwa amani zaidi, ingawa si peke yao. Yeyote atakayepanda mtumbwi apande na mtu mzima wa hapo hapo, na simu iwe mfukoni, imefungwa katika mfuko wa nailoni. Na mwangalizi wa nyumba apewe chochote mkononi mkiondoka, kwa sababu mwenye nyumba ni mtu wa mjini.

Tuliondoka Jumamosi. Kwenye kivuko mtoto aliomba abebwe aone nguzo za daraja, akasema, “Baba, niinue.” Baba yake akamwinua. Sisi wengine tulishika mizigo.

Shati lile nimelifua mara tatu kwa maji ya bomba na sabuni ya mche. Tope la mikokoni halitoki. Sasa hulivaa akienda shambani.